Wahakiki wa Betri

Uhakiki mkali zaidi unaofanywa kwa Kiswahili siku hizi haufanywi vyuoni, na wahariri wanisamehe, haufanywi hata kwenye kurasa hizi. Unafanywa kwenye maduka ya simu ya Kenyatta Avenue, Nakuru, hasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Simama pale dakika kumi ukijifanya unatafuta kava. Utamsikia mse wa miaka ishirini na mbili akiichambua simu mpya mpaka muuzaji aanze kutoka jasho. Kamera ni ya matangazo tu, giza likiingia inapiga picha kama imefunikwa na nailoni. Betri wameandika 5,000 lakini jioni haifiki. Halafu hii si simu mpya, ni ile ya mwaka juzi imevalishwa mgongo mwingine. Muuzaji anajitetea. Mse anatoa simu yake ya zamani, anaziweka sambamba, anataka kuonyeshwa.

Nilikaa chuoni miaka miwili na nusu kabla ya kuacha, na sikumbuki darasa lililosoma riwaya kwa makini ya aina hiyo. Huyu mse haamini tangazo. Anakumbuka kampuni iliahidi nini mwaka jana. Anajua kwamba maneno ya kwenye boksi yameandikwa na mtu anayetaka pesa yake.

Sasa badilisha mada. Mwambie kuhusu watu wanaofanya kazi ndani ya hiyo simu: dereva wa teksi ya apu, dada anayesafisha Facebook ili wewe usione maiti ukiamka, jamaa wa Free Area anayechora vijisanduku kuzunguka picha za magari ili gari la Marekani lijue mti ni nini. Makini yote yanazima. Nimekuwa nikisikiliza mazungumzo haya kwa muda, kwenye matatu za Njoro, kinyozi, kwenye foleni ya M-Pesa, na karibu kila mara yanaishia kwenye sentensi moja kati ya hizi tatu. "Afadhali hiyo kuliko kukaa." "Si hakulazimishwa?" "Kama hataki awachie wengine."

Zisome tena polepole, kama unavyosoma vipimo vya simu. Ya kwanza inalinganisha kazi na sifuri. Kitu chochote kikilinganishwa na sifuri kinapita mtihani. Hata ile simu ya giza inashinda kutokuwa na simu, na hakuna mtu pale Kenyatta Avenue angekubali hoja hiyo kutoka kwa muuzaji. Ya pili ni sentensi ya wakili wa kampuni. Ya tatu ni ya bosi, tena bosi mwenye foleni ya watu nje ya geti. Na wanaozisema ni kina nani? Ni watu ambao hawajawahi kuajiri hata mtu wa kufua nguo siku moja. Ni sisi. Tukizungumza juu ya simu tunazungumza kama wanunuzi wenye akili. Tukizungumza juu ya kazi tunazungumza kama waajiri, na hatulipwi hata ya uajiri.

Mfano mzuri ni vile vikaratasi vya madereva. Mnamo Julai 2024 madereva wa Uber, Bolt na apu nyingine waligoma wakisema bei za kwenye skrini haziwatoshi mafuta. Kufikia Agosti, wengine Nairobi walikuwa wamechapisha orodha zao wenyewe za bei, wakazilaminisha, wakaziweka ndani ya gari. Abiria akiingia, anaonyeshwa: umbali huu ni hii, apu iseme inavyotaka. Mtandaoni kelele zikapanda. Wizi. Tamaa. Utapeli.

Abiria walikuwa na hoja, na sitaki kuipita mbio. Ukikubaliana na mtu shilingi 250, halafu usiku mko kwenye giza la Kiamunyi anakwambia ni 400, huyo hajakufungulia mjadala wa haki za wafanyakazi. Amekutisha. Wanawake wanaijua hali hii kuliko mimi. Lakini orodha iliyolaminishwa ni jambo lingine. Unaonyeshwa kabla gari halijaondoka, na una uhuru wa kushuka. Bado tuliita wizi, na nadhani najua kwa nini. Bei ya kwenye skrini haina uso. Haionekani kuandikwa na mtu, kwa hivyo tunaichukua kama hali ya hewa: leo ni 250, leo kuna mvua. Bei ya dereva ina uso, ina shati lililochakaa kola, ina sauti inayoomba. Tunamshuku mwandishi tunayemwona na kumwamini tusiyemwona. Kwenye boksi la simu tunafanya kinyume kabisa.

Kuna kanuni za NTSA za mwaka 2022 zinazosema apu isichukue zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Niambie ni lini ulisikia abiria wawili wakibishana kuhusu hiyo 18. Megapikseli tunazijua kwa moyo.

Sentensi ya "hakulazimishwa" ina nyumba yake kwenye simu za mkopo. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: wakati huo ulichukua simu ya 4G, ukalipa shilingi 20 kwa siku. Kampuni nyingine nazo zinauza kwa mtindo huo. Jina lenyewe ni kazi ya mwandishi mzuri, lazima nikubali. "Mdogo mdogo" ni lugha ya mama mboga na mteja wake, lugha ya "utanimalizia kesho". Tofauti ni kwamba mama mboga akikudai haingii jikoni kwako kuzima jiko. Simu ya mkopo usipolipa inafungwa. Kwa mtu wa boda anayepata wateja kwa simu, kufungwa kwa simu ni kufungwa kwa kazi, na kazi ikifungwa ile 20 ya kufungulia simu itatoka wapi? Simu yangu ya kwanza ya mkopo (kampuni naiacha bila jina) ilizima Jumapili moja nikiwa katikati ya kuandika kazi ya mteja iliyotakiwa kabla ya saa nne usiku. Nilikuwa nimelipa. Mfumo ulikuwa umechelewa kuona. Mteja hakuandika tena. Nilipomsimulia jirani, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Lakini si ulikubali masharti?"

Nilikubali, ndiyo. Hakuna mtu aliyenifunga kamba. Ila "kukubali" ni neno linalohitaji mahakiki wake. Kukubali masharti ambayo huwezi kubadilisha hata nukta, ukiwa na njia moja tu ya kupata chombo cha kazi, si sawa na kukubali chai. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo yote mawili na kampuni zinafurahi sana kuliazima.

Watu wa Nakuru tungepaswa kuwa wajuzi wa haya kuliko wengine, kwa sababu mji huu uliwahi kutengeneza teknolojia ya kila nyumba. Eveready ilianza hapa mwaka 1967. Ile betri nyekundu yenye paka, iliyokaa kwenye redio ya babu na tochi ya mlinzi, ilitoka kiwandani Nakuru. Mpaka leo mgeni anaelekezwa kwa jina hilo: ukifika Eveready, kata kushoto. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Kampuni ililalamikia betri za bei rahisi kutoka nje na gharama za kuzalisha hapa, ikageukia kuagiza bidhaa badala ya kuzitengeneza.

Sitaki kupamba enzi hizo. Kumjua mtengeneza betri, kupanga ploti moja naye, kukutana naye kanisani, hakukumzuia mtu yeyote kununua betri ya bei rahisi sokoni. Tulibishana vizuri sana kuhusu betri: ile ya nje inakaa siku ngapi, ya paka inavuja au haivuji, ukiianika juani inarudi au hairudi. Tulikuwa wahakiki wa betri tangu zamani, na yule aliyeitengeneza alikuwa nje ya uhakiki hata alipokuwa jirani. Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema tatizo ni umbali, eti tungeona wafanyakazi tungewajali.

Lakini kiwanda kilikuwa na kitu kimoja ambacho kazi za siku hizi hazina. Kilikuwa na geti. Lilipofungwa, watu walijua limefungwa wapi. Mwandishi wa habari alijua pa kwenda kupiga picha. Chama cha wafanyakazi kilijua pa kusimama.

Rafiki yangu wa Free Area alikuwa akifanya kazi za Remotasks, ile apu ya kampuni ya Scale AI iliyokuwa ikilipa vijana kwa kazi ndogondogo za kufundisha kompyuta. Machi 2024 Remotasks iliondoka Kenya. Yeye aliamka, akajaribu kuingia, ikakataa. Alidhani ni bando imeisha. Akanunua bando nyingine. Fikiria: hiyo bando ndiyo gharama ya mwisho aliyoingia kwa kazi ambayo haikuwepo tena. Hakuna geti lililofungwa Nakuru siku hiyo, hakuna mtu aliyesimama nje ya kitu chochote. Wengine walikuwa Pipeline, wengine Section 58, wengine Njoro, kila mmoja chumbani kwake akidhani ni shida yake peke yake.

Mwaka mmoja nyuma, huyohuyo rafiki alikuwa na maoni makali kuhusu Kericho. Unakumbuka Mei 2023: waandamanaji waliingia mashamba ya chai wakachoma mashine za kuchuma majani, na ghasia zile hazikuisha bila damu. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani; tayari mwaka 2010 wachuma chai waligoma kwa sababu ya mashine hizohizo. Huku Nakuru, saa mbili kasoro kwa gari, maoni yalikuwa mepesi. Hao ni washamba. Wanapigana na maendeleo. Rafiki yangu aliniandikia kwamba wangejifunza kompyuta badala ya kuchoma mashine. Siandiki haya kumcheka, tumeshayaongea na amenipa ruhusa. Nayaandika kwa sababu sote tulisema hivyo, tukiwa na simu mkononi, kana kwamba simu si mashine. Mchuma chai aliiona mashine ikija shambani, kubwa, ya chuma, ikipiga kelele. Yetu ilikuja na wolpepa nzuri.

Moto siusifu. Mashine ikichomwa, mwenye kampuni ana bima, na aliyepigwa risasi hana. Ila kama uhakiki wa teknolojia, watu wa Kericho walikuwa wameuliza swali ambalo wahakiki wa Kenyatta Avenue hawaulizi kamwe: hii kitu ikifika, nani anabaki na nini?

Swali hilo limeulizwa pia kortini, na kwa utulivu zaidi, na jibu limekuwa la kushangaza. Mwaka 2019 Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, aliajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama kuchuja machapisho ya Facebook. Alijaribu kuwaunganisha wenzake ili wadai haki, akafutwa. Mei 2022 aliishtaki Sama pamoja na Meta. Meta ikajitetea kwamba haimwajiri mtu Kenya na haina ofisi hapa, kwa hivyo korti ya Kenya haina la kuiuliza. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ikakataa hoja hiyo. Mwezi uliofuata wachujaji wengine 184 wakaenda kortini baada ya kuachishwa kazi. Siku ya Wafanyakazi mwaka 2023, zaidi ya watu 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani nayo ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa.

Hii ni habari kubwa. Korti ya Kenya iliiambia moja ya kampuni tajiri zaidi duniani: ingia, keti, jibu. Ingekuwa ni simu mpya imetoka, ungeisikia kila kona. Badala yake, maoni niliyoyasikia kwenye matatu yalikuwa: "Si walikuwa wanalipwa kuangalia video tu?"

Hiyo "tu" ndiyo nimekuwa nikiitafuta makala nzima. Video zenyewe ni za watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, watu wakijitoa uhai, moja baada ya nyingine, na saa inahesabu unachukua sekunde ngapi kuamua. Jarida la TIME liliripoti mwaka 2022 kwamba baadhi yao walipata kama dola moja na nusu kwa saa. Januari 2023 jarida hilohilo likaripoti kwamba Wakenya waliosaidia kuifanya ChatGPT isitapike matusi na unyama walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mwishoni mwa 2024, ripoti za daktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta zilizopelekwa kortini zilionyesha kwamba zaidi ya wachujaji 140 wana ugonjwa wa kiwewe. Na sisi tunasema "tu". Neno la herufi mbili limebeba ripoti yote ya daktari na kuitupa nje ya dirisha.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mama yangu ameshanipa. Dola moja na nusu kwa saa, ukipiga hesabu, inamshinda mtu wa mjengo, inamshinda anayekata maua Naivasha. Ni kweli, kwa siku nyingi inawashinda. Hoja hii ina nguvu kwa mtu mwenye kodi ya nyumba, na wanaoidharau mara nyingi wanaandika kutoka mahali penye friji iliyojaa. Mimi ninaandika kutoka chumba kimoja. Lakini angalia inavyofanya kazi: kwa kuwa mkata maua analipwa vibaya, mchujaji asilalamike, na kwa kuwa mchujaji halalamiki, mkata maua atalalamika kwa msingi gani? Kila mmoja anatumiwa kumnyamazisha mwenzake, na hakuna aliyepandishwa hata shilingi. Tukinunua simu hatufanyi hivyo. Hakuna anayesema kamera hii ni mbaya, lakini ile nyingine ni mbaya zaidi, kwa hivyo nyamaza ulipe.

Kama maoni ya matatu yangebaki kwenye matatu, ningeyaacha. Hayabaki. Mwaka 2024 kulipelekwa Seneti mswada wa kurekebisha sheria za biashara, na aliyeupeleka ni Aaron Cheruiyot, seneta wa Kericho, kaunti ileile ya mashine. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la kuikinga kampuni inayopeleka kazi kwa wakala, ili wafanyakazi wa wakala wasiweze kuifikia kortini. Desemba mwaka huo Rais William Ruto, akizungumza na vijana Nairobi, alitaja kesi za kampuni hizi kama usumbufu, na akaahidi kwamba sheria inabadilishwa ili hakuna atakayezipeleka kortini tena. Alikuwa akizungumzia ajira kwa vijana, na naamini hofu yake ya kazi kukimbilia nchi nyingine ni ya kweli. Ila ukiondoa hadhi ya ukumbi, hoja iliyobaki unaijua. Ni afadhali hiyo kuliko kukaa, imevaa suti, ikapendekezwa kuwa kifungu cha sheria. Imepata ujasiri wa kufika huko kwa sababu tumeikariri wenyewe bila kulipwa.

Oktoba 2023 Rais alifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, simu zikaanza kuuzwa kwa shilingi 7,499. Niliishika moja dukani, nikamuuliza muuzaji maswali ya kawaida, akanijibu yote. Halafu nikamuuliza waliounganisha wanalipwa ngapi. Hakukasirika. Aliligeuza boksi akalisoma pande zote nne, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Boss, hiyo hawajaandika."

Rafiki yangu wa Free Area sasa anafanya kazi kwenye apu tatu tofauti. Amebadilika kidogo. Ametengeneza jedwali kwenye simu, linafanana kabisa na yale majedwali ya kulinganisha simu yanayozunguka WhatsApp: apu hii, apu ile, apu ya tatu. Saa ulizofanya. Dola zilizoingia. Saa za mafunzo ambazo hazikulipwa. Siku ngapi kabla hela kutoka. Akaunti ikifungwa wanakupa sababu au la. Alilituma kwenye grupu la watu arobaini na kitu, wengi wao hajawahi kuwaona, na wakaanza kujaza zao. Wanabishana vibaya sana humo. Mtu akiandika dola nyingi anaambiwa atume picha ya skrini. Juzi dada mmoja wa Njoro aliongeza safu mpya mwishoni kabisa: "Ukiwa na shida unamwendea nani?" Nimeliangalia leo asubuhi kabla ya kutuma makala hii. Safu hiyo hakuna aliyeijaza.